Makandi Anakungoja Wewe

Celina, naandika huku nakata papai la Makandi. Mpe hili na maji kabla hajaomba maziwa.

Asubuhi nilipotoka zamu nilimkuta akilia chooni, nyanya yake amesimama na kipande cha sabuni tayari kumtia nyuma ili apate choo, kama walivyotutia sisi tukiwa wadogo. Nikamzuia. Mama akanifokea, "Mutembei, kwani wewe ulipata choo kwa kubembelezwa?" Amenuna mpaka sasa.

Nilimpeleka mtoto kwa daktari. Ile damu tuliyoiona kwenye choo chake ni ya ngozi iliyochanika kidogo kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu ya choo kigumu. Itapona. Shida ni kwamba anaogopa uchungu, kwa hiyo anabana, na akibana choo kinazidi kukauka. Dawa ya kulainisha iko kabatini. Mpe kama chupa inavyosema, wala usiikatize akianza kupata nafuu. Jioni mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Sabuni asitiwe.

Nilikaa naye mlangoni mwa choo nikimwimbia. Akaniambia, "Baba, nenda. Namngoja Mama."

~~Hata mimi.~~

Ukirudi kutoka sokoni Mikinduri, mimi nimeshakwenda kiwandani. Nikirudi, nakuta kitanda bado kina joto lako.

Leo hajaenda haja. Usimwulize, usimkaripie. Tutajaribu tena kesho baada ya uji. ~~Wewe nenda tu sokoni.~~ Kesho gari la kwanza la sokoni likuache, tukae naye wote wawili.

Baba Makandi