Mama Breki, Hatutaiita Ajali

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipotoka kwenda kununua mkate na hukurudi.

Wanafunzi wako wa udereva walikuita Mama Breki, nawe ukalipenda jina. Uliwafundisha wauguzi, wauza duka, hata Baba, ambaye mpaka mwisho ulikuwa ukimtania kwamba anaegesha gari kama mtu anayeshusha kabati. Garini mwako hakuna aliyewasha injini kabla hajazima simu na kuiweka kiti cha nyuma. Aliyenung'unika ulimwambia, "Mwanangu, usukani na simu ni wake wenza. Ukiwa kwa huyu, usimchungulie yule."

Ulipiga pasi ukiimba nyimbo ambazo maneno yake hukuyajua. Jirani akiugua, ulishika funguo za gari kabla hajamaliza kueleza.

Ulikuwa katikati ya kivuko cha watembea kwa miguu, mbele ya duka la mikate. Magari mengine yalishasimama kukupisha. Dereva mmoja hakusimama, akakugonga. Mahakamani alieleza kwa upole kwamba alikuwa anaandika "nakuja" kwenye simu. Neno moja tu, alisema, kana kwamba ufupi wa neno unapunguza kitu.

Waliokuja kutupa pole walituambia ajali haina kinga. Tuliwaitikia kwa adabu, Mama, lakini ndani tulikuwa tunachemka. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa ni kuiacha simu mahali pake.

Tena afadhali angekuwa yeye peke yake. Siku ya kukuzika, Baba Mdogo aliendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukirekodi gari lililobeba jeneza lako. Dada yako, ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, akamwambia aiweke simu chini.

"Kidogo tu, shemeji," akajibu. "Walio mbali nao wamwone."

"Simamisha gari nishuke. Dada yangu ameuawa na hicho kidogo tu."

Akashuka na wajukuu zako, wakaanza kutembea. Baba Mdogo alibaki ameinamia usukani, kisha akashuka naye, akampa mtu mwingine funguo. Msafara mzima ukakusindikiza kwa mwendo wa miguu. Madereva wa nyuma walipiga honi kwa hasira, na hakuna aliyeharakisha.

Unakumbukwa na mumeo fundi saa, sisi wanao watatu, wakwe zako, wajukuu, dada yako, Baba Mdogo, na wote uliowashikisha usukani kwa mara ya kwanza. Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, maisha yetu yote.

Na wewe unayesoma tangazo hili kwenye simu huku gari linatembea: iweke chini. Mbele yako kuna mama wa watu anavuka.