Noti Inayopotea Kwenye Kiti cha Baba

4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mama hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe na wodi hiyo. Unalala? Naandika kwa sababu kwenye simu nikisikia unakohoa nasahau yote niliyopanga kusema.

Narekebisha besi ya sabufa kabla hujarudi. Nimeazima maikrofoni ya kupimia kwa mwalimu wa fizikia, nikaiweka kwenye kiti chako, usawa wa masikio yako. Kompyuta ikachora mstari wa nguvu ya sauti, na kwenye mtetemo wa hezi 41 kuna shimo, sauti inazama. Hiyo ndiyo noti ya chini kabisa unayopiga kwa gitaa la besi kwenye kanda ya bendi yenu. Mlangoni inasikika, kitini kwako haipo! Nimeweka kichujio cha sauti kwenye kompyuta, cha kuipandisha. Lazima uisikie.

Mwanao

12 Mei

Profesa wangu,

Marahaba. Nalala kidogo, nakula kidogo, nalalamika sana. Muuguzi ananiita redio.

Ondoa kichujio hicho leo hii! Miaka ishirini natengeneza spika za watu, halafu mwanangu mwenyewe aniunguzie sabufa? Kiti kiko katikati ya chumba. Mawimbi yanagonga kuta, yanarudi, yanauana papo hapo. Ukiongeza nguvu, yanayorudi nayo yanaongezeka. Shimo la namna hiyo halijazwi. Kichujio ni cha kupunguza kilima, pale sauti inapozidi. Ukitaka noti, hamisha msikilizaji.

Baba yako

15 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kikohozi. Onyo lako lilichelewa. Sabufa ilitoa harufu ya kuungua, nikachomoa waya mbio. Bado inapiga. Nisamehe.

Lakini kiti sihamishi. Mama anakifuta vumbi kila asubuhi, kisha anakirudisha kwenye alama zake nne sakafuni, kama vile umetoka dukani tu. Nimehamisha sabufa mara tano. Shimo liko palepale.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko ni wa muuguzi, maneno ni yangu.

Madaktari wamefika mwisho wa dawa zao. Hawakunificha, nami sikufichi. Ijumaa naletwa nyumbani, siku zilizobaki nizimalize nanyi. Kitini sitakaa tena, mgongo umegoma. Mwambie mama yako atandike kitanda sebuleni, chini ya dirisha, kichwa kielekee ukutani. Halafu upime upya, usawa wa mto wa kulalia. Hapo utakuta kilima. Kikate.

Baba

4 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali, kwa hiyo nakuandikia nilichofanya.

Kiti tumekisogeza mimi na mama. Alama nne zimebaki. Nimepima juu ya mto, na ni kweli ulivyosema: noti yako ipo, tena imezidi kwa desibeli tisa, dirisha linatetemeka. Nimeikata kidogo kidogo mpaka mstari ukatulia.

Lakini maikrofoni haikujui. Nikamwomba mama alale pale asikilize kanda. Ulipoishukia ile noti, aliweka kiganja ukutani, akafumba macho.

"Nipunguze tena?"

"Usiguse," akasema. "Ni yeye huyo."

Barua hii nampa dereva anayekuja kukuchukua. Mwambie aendeshe taratibu, ila asisimame njiani. Kanda nimeirudisha mwanzo.

Mwanao