Geti Letu Limenyamaza

Mwanangu Wambui,

Natangaza rasmi, mbele ya majirani wote wa mtaa wetu wa Section 58 na mbuzi wao, kwamba geti letu limenyamaza. Lile lililokuwa likilia hadi mtu wa barabara ya pili anajua umetoka kununua maziwa, sasa linafunguka kama la matajiri wa Milimani. Sijalitia mafuta wala sijaita fundi. Limeamua tu. Nimeona heri uzipate habari hizi kwangu kabla hujazisikia kwa watu.

Mengine ni ya kawaida. Bado napika chai ya watu wawili. Ile ya pili naipasha moto jioni, najifanya nimeletewa.

Picha zako za Jumamosi nazipata. Nilidhani mtu akienda kusoma Granada anakaa darasani, kumbe kila wikendi mnapakiwa kwenye basi mkaonyeshwe mambo ya kale. Ile kasri nyekundu ya kilimani nilimpelekea mama yangu, Shosho yako, kule Dundori, aione kwenye simu. Alikuwa anachagua viazi vya mbegu, akapangusa mikono kwanza.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya mfalme, mama."

"Yuko?"

"Alifukuzwa zamani."

"Sasa Wambui alienda kusalimia nani?"

Nikamwambia ulienda kuangalia tu.

"Walipewa chai?"

"Hapana. Walilipa kuingia."

Akanirudishia simu. "Walilipa kuingia kwa mtu hayuko, wakatoka bila chai. Na hayo ndiyo masomo."

Wewe wa chuo utamjibu.

Unakumbuka anavyosindikiza mtu? Tukitoka kwake anatutoa mpaka barabarani. Tukifika, wewe unasema, "Na Shosho atarudi aje peke yake?" Tunamrudisha. Akifika mlangoni anaona ni aibu kutuacha hivyo, anatutoa tena. Siku moja tulienda na kurudi mpaka ukungu ukashuka na gari la mwisho likatupita, tukalala huko huko. Ulikuwa darasa la pili. Ulicheka ukashikwa na kwikwi.

Siku ya safari yako nilitaka iwe hivyo. Nikabeba begi lako mpaka ule mlango wa vioo wa uwanja wa ndege, askari akaweka mkono mbele: "Mzee, mwisho wako ni hapa." Nimesindikiza watu wengi maishani, lakini hilo sikuwa nimewahi kuambiwa. Ukaingia. Mimi nikabaki nimesimama, na nakwambia ukweli, miguu ilikuwa inakungoja utoke unirudishe hata nusu ya njia.

Ndiyo maana habari ya yule mama mzee wa huko imenikaa. Mliambiwa mtamtembelea kwenye nyumba yake iliyochimbwa ndani ya kilima, awaeleze maisha ya zamani. Wenzako walibeba kamera. Wewe ulibeba sukari nusu kilo na majani ya chai, kwa sababu nilikulea usiingie kwa mtu mikono mitupu. Mwalimu wenu akafikiri unauza. Mlipomaliza, wenzako wakakimbilia basi, wewe ukasimama mlangoni ukingoja kutolewa. Yule mama akasema kwaheri, akafunga mlango. Ulinipigia siku hiyo ukicheka, lakini hicho kicheko chako chenye maji ndani nakijua tangu ukiwa mdogo.

Halafu ukarudi kwake Jumamosi iliyofuata, peke yako, bila basi. Ukarudi tena. Juzi umenieleza kwamba siku hizi anakutoa mpaka chini ya mteremko, nawe unamrudisha kwa sababu magoti yake ni mabovu, naye akifika anakataa kukuacha uende hivyo. Majirani wake wanatoka kuwaangalia kama sinema. Hayo yote uliyasema mbio mbio. Kisha ukauliza pole pole kama unaweza kuongeza mwaka mmoja.

Nikakwambia rudia, network ya Uhispania ni mbovu. Ukarudia. Siku hizi unarudia karibu kila kitu, sijui hao watu wanangoja nini kuitengeneza.

Nilitaka uje Desemba. Nilikuwa nimekupangia hata matembezi ya masomo: mlima wa volkano wa Menengai. Tumeishi chini yake miaka hii yote na hatujawahi kupanda kuliona shimo lenyewe, wageni ndio wanakuja na mabasi. Jumamosi iliyopita nikaenda kwanza mwenyewe kupima njia, na chupa ya chai. Shimo ni kubwa kweli. Niligeuka nimwambie mtu "umeona hiyo?", hapakuwa na mtu. Nikamaliza chai nikashuka.

Ongeza huo mwaka. Ukishakuwa na mtu wa kukutoa mpaka chini ya mteremko, mimi nitakuvuta mkono nikupeleke wapi? Msalimie. Mwambie sukari ikiisha aseme, tuko wengi huku. Hiyo ya wengi usiieleze sana.

Nimekutoa mpaka hapa. Rudi pole pole, usiangalie nyuma, nimesimama tu.

Ni mimi,
Baba yako

Jirani amenisimamisha asubuhi hii. Anasema geti bado linalia vile vile. Naye ilibidi arudie mara mbili.