Mlango wa Uani

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba mbao si pamba.

Nina habari. Unajua kazi yangu huku ni kujenga majukwaa ya michezo ya kuigiza. Sasa jukwaa moja limechaguliwa kwenda ng'ambo, kwenye maonyesho ya kimataifa ya usanifu wa majukwaa, ambako wageni wataingia hadi ndani yake. Yule mama anayeyachora, tunamwita Bi Penseli, kasema niende nalo, maana nimelijenga mimi. Pasipoti ninayo, viza tunangoja, yangu na ya Kibiriti, mwenzangu wa karakana, aliyewekwa akiba nikiugua. Kutwa tunalibomoa na kulisimamisha upya. Kibiriti anasema hata akilala anaota misumari.

Ila safari imeangukia likizo yangu ya Juni, ile niliyosema nitakuja kuona kaburi la baba. Nisamehe mama, nitakuja mwakani. Nimekuwekea picha ya jukwaa.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linalia kama wewe ulipokuwa mdogo.

Hongera ya safari. Picha nimeitazama, nikavaa miwani, nikaitazama tena. Nikamwita jirani. Akasema, "Si chumbani kwako hapa? Nani kakupiga picha kitanda hakijatandikwa?"

Kitanda cha baba yako kiko pale, na tofali lake chini ya mguu mmoja. Doa la ukutani alipokuwa akiegemeza kichwa, lipo. Hata ndala zake. Mwanangu, hukuniuliza.

Watu wa nchi nyingi wataingia chumbani kwangu, na wewe huingii. Tangu tumzike, huu mwaka wa tatu.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naomba uwe mzima, hata kama umenikasirikia. Sijui nianzie wapi, na shule unajua niliishia njiani.

Ni kweli, ni kwetu. Bi Penseli alisema mchezo una mzee mgonjwa, na hajui chumba chake kiweje. Mimi nikafungua mdomo, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nilikijenga kwa furaha, mama, nikajiona niko nyumbani. Lile doa nililipaka kwa kiganja changu. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa.

Baba alipofariki niliomba ruhusa kazini wakaninyima. Sasa kwa ajili ya kitanda chake cha uongo wamenitafutia viza wao wenyewe, nami nikapokea nikicheka.

Kama kuna nilipokosea katika chumba, niambie nirekebishe, angalau kiende sawasawa.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nilikaa na barua yako, ndiyo maana nimechelewa.

Umeuliza ulipokosea. Ni mlango, ule unaotokea uani. Wako unafungukia ndani. Na wetu ulikuwa hivyo ulipoondoka.

Siku ile nilikuwa uani naanika nguo, mlango wa mbele umekomewa kwa ndani. Baba yako akaanguka chumbani, nyuma ya mlango. Nikausukuma, ukamgonga. Nikisukuma namuumiza, nikiacha simfikii, naye ananiita. Majirani walipokuja kuung'oa, alikuwa ameshanyamaza. Baada ya mazishi nikamwita fundi augeuze, ufungukie nje.

Sikukwambia. Ulikuwa mbali, peke yako, ungelalaje na jambo kama hilo? Lakini umeuliza.

Nenda safari yako. Sina kinyongo.

Mama yako

24 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Leo sina utani.

Barua yako ilipofika, masanduku yalikuwa yameshapigiliwa misumari. Nikayafungua, nikasimamisha chumba, nikahamisha bawaba za mlango. Bi Penseli akanikuta.

"Fundi, huo utawagonga wageni."

Nikamweleza.

"Umejua lini?"

"Juzi."

Akakaa kwenye kile kitanda, akainuka haraka kama aliyekalia moto. Akasema, "Sasa hapa unafanya nini?"

Nikaweka bisibisi chini. Nilijua kila ufa wa ule ukuta, mama, lakini hilo sikulijua, kwa sababu sikuwepo.

Kibiriti ndiye atakayekwenda. Nimemfundisha mpaka kanuna. "Huu unavutwa," namwambia, "hausukumwi." Ananijibu, "Kaka, hata mbuzi angekuwa ameshaelewa."

Mimi nachukua likizo yangu ile ile ya Juni. Sijui nitasema nini nikifika, kaburini wala kwako. Nitapitia uani. Nikibisha hodi nitarudi nyuma kidogo, upate nafasi ya kufungua.

Mwanao