Wizara Niliyomfundisha Minza

Bariadi. Jumanne, saa tisa alasiri.

Vumbi tupu. Tangu asubuhi upepo unavuma, na malori ya pamba yakipita hapo stendi yanaongeza la kwao. Nimefika hapa kwenye kafe ya intaneti mchanga ukinisaga menoni. Umeme umekatika mara mbili, na kompyuta niliyopewa herufi yake ya N imechoka, kila N naibonyeza mpaka kidole kinauma. Ukitaka kujua N ziko ngapi kwenye Kiswahili, njoo uandikie hapa.

Sina subira leo. Nina hasira, na ninayemkasirikia ndiye huyu anayeandika.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi nilifanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje, Dar es Salaam, miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa karani wa masjala, chumba kile majalada yote yanapotunzwa, barua ikiingia inapewa namba, ikitoka inaandikwa imekwenda kwa nani. Basi. Sikuwahi kukaa ubalozini hata wiki moja. Lakini hapa Bariadi naitwa Balozi. Waliponiita hivyo mara ya kwanza nilicheka, na kucheka kule wakakuchukua kuwa ndiyo. Wageni wa mtaa wakisikia Balozi wanadhani ni wa nyumba kumi, wananiletea kesi za mbuzi waliokula mahindi ya watu. Hao nawasahihisha hapo hapo. Wale wengine sijawahi kuwasahihisha.

Hii blogu alinifungulia Minza, mtoto wa dada yangu Holo wa Nyalikungu, pale Maswa. Ilikuwa Krismasi iliyopita, ametoka kumaliza chuo. Akaniambia, "Mjomba, iandike wizara yote, ilivyoanza na ilivyopangwa, nami nitasomea humu humu." Mtoto huyu tangu shule ya msingi anataka kuwa afisa wa mambo ya nje. Wenzake walitaka udaktari na ualimu, yeye alikuwa anakaa chini anasikiliza hadithi zangu za majalada. Ni mimi niliyempandikiza hamu hiyo, na nilijivunia sana.

Nikaandika. Nani asiyependa kuulizwa habari za kazi yake? Niliandika jinsi wazee niliowakuta walivyonisimulia mwanzo wake, vyumba vichache na meza chache, mtu aliyepiga chapa barua asubuhi ndiye jioni anayekwenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Niliandika jinsi dunia ilivyogawanywa kwenye madawati, hili la Ulaya, hili la Asia, hili la nchi za Kiarabu, na Itifaki wao na suti zao, ambao ukiwakosea nafasi ya kukaa mezani hawakusemeshi wiki nzima. Niliandika kwa kirefu kuhusu dawati letu, la nchi za kusini mwa Afrika, ambalo majalada yake niliyatunza mimi. Enzi za ukombozi lilikuwa halilali. Barua za wapigania uhuru zilipita mikononi mwangu, na sikuwahi kupoteza hata moja. Hilo ni kweli, sikuongeza chumvi.

Niliandika pia miaka ya dhiki, karatasi hakuna, tunapiga chapa pande zote mbili na kaboni tunaitumia mpaka unaona mwanga upande wa pili. Kisha nikafika kwenye mageuzi. Soko huria. Huko kusini wamepata uhuru wao, barua za dawati letu zimepungua, na wageni wanaoingia sasa wanauliza madini, mahoteli, ushuru wa bandarini. Kila afisa kwenye ngazi anasema diplomasia ya uchumi.

Hapo niliweka kalamu chini. Nikawaambia wasomaji kwamba yaliyobaki ni yale yale.

Hayakuwa yale yale.

Sasa niseme. Miezi yangu ya mwisho ofisini uliletwa waraka wenye muundo mpya wa wizara, na mchoro wake wa visanduku na mistari. Niliupokea mimi, nikaupiga muhuri, nikaupa namba. Kisha nikafanya jambo ambalo karani hafanyi, nikaketi kuusoma. Nililitafuta dawati letu kwa kidole, kisanduku kwa kisanduku. Halipo. Nchi zetu zimechanganywa na nyingine, biashara na uwekezaji wamepewa kisanduku chao kikubwa, na hata chumba chetu cha majalada kimeunganishwa na kingine. Nilitoa nakala moja, nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa ndani wa brifkesi yangu, ule wenye zipu. Baada ya muda ikatoka orodha ya watu wa kupunguzwa na jina langu lilikuwamo.

Huku nyumbani nilisema nimestaafu. Nimestaafu wapi! Nilipunguzwa, kama wenzangu wengi wa miaka ile, na sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu isipokuwa mke wangu.

Karatasi ile sikuikunjua tena. Lakini nilijua iko wapi. Hilo ndilo linaloniuma, nilijua.

Mwezi uliopita Minza akaitwa kwenye usaili. Alikuja kukaa kwetu wiki mbili nimwandae. Tulikaa kibarazani kila asubuhi, mimi nikichora kwa penseli, yeye akirudia. Nilimfundisha madawati yote. Nilimfundisha na mambo ya masjala, ingawa hayamo kwenye usaili, kwa sababu anayapenda: kwamba ukiisoma karatasi unatia jina lako na tarehe pembeni, ili kesho usije ukasema hukuiona. Na kwamba jalada ambalo hulimalizi leo unaliandikia BU na siku, maana yake siku hiyo mtu wa masjala alirudishe mezani kwako bila kuambiwa tena. Alicheka sana hiyo BU. Akawa anamwandikia mke wangu kwenye vikaratasi vya jikoni, ugali BU saa saba.

Siku moja akaniuliza, penseli ikiwa mkononi mwake, "Mjomba, na hii ndiyo ya sasa?"

Nikamjibu, "Ndiyo yenyewe."

Sijui nilimjibu hivyo kwa nini. Yaani najua. Ningesema siyo, ningelazimika kuutoa ule waraka, na angeona kwamba kisanduku cha mjomba wake kilifutwa. Angeuliza na mengine, na mimi nilitaka nibaki Balozi kwa mtu mmoja anayeniamini kwa moyo wote. Nilipima hivyo viwili pale pale kibarazani, nikachagua changu.

Kuna na jingine. Alipofika Dar alipiga simu, ana mchana mzima wa bure kabla ya usaili, apite wizarani aulize kama wana kijitabu chochote? Nikamwambia apumzike, atachosha kichwa bure. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, nikaufunga kwa simu kutoka Bariadi.

Na brifkesi nilimwazima mimi, abebee vyeti aonekane mtu wa ofisi.

Jumapili alikuja kuirudisha. Ameipangusa na kuipaka rangi ya viatu, inang'aa kuliko nilivyoinunua. Alipiga goti akaniamkia, "Mwadila, mjomba," nami nikaitikia, nikaona macho yake hayainuki. Alisimulia kwa maneno machache. Waliokuwa wanamsaili ni watu watatu. Alianza vizuri. Wakamwuliza muundo wa wizara, akautiririsha kama tulivyofanya mazoezi, dawati kwa dawati, bila kukwama. Walipotazamana alidhani amewashangaza. Mama mmoja mwenye miwani akamwuliza kwa upole muundo huo ameusoma wapi. Akasema kwa mjomba wangu, alifanya kazi hapa. Yule mama akamwambia, mjomba wako ni mtu wa zamani, mwanangu, hiyo siyo wizara utakayoikuta. Halafu wakamwuliza habari za kuvutia wawekezaji, na yeye kichwani mote mlikuwa na ukombozi.

Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu. Alisema, "Labda nilichanganya mwenyewe, mjomba. Labda kichwa changu hakishiki." Akanitazama kwa muda. Nilitazama miguu ya kuku uani. Nikamwambia mambo ya usaili ni bahati. Alipoaga alisema asante kwa kunifundisha.

Jana Holo akapiga simu. Dada yangu hana maneno mengi, na yale aliyonayo hayapambi. "Kaka, mtoto hali chakula. Anasema yeye ni mzito wa kichwa. Kapata kazi ya kupima pamba kwa mnunuzi mmoja, anaanza Jumatatu. Nakuomba usimtajie tena hiyo wizara yako."

Yangu! Nikasema sawa, dada.

Kupima pamba ni kazi halali, sidharau. Baba yetu alitulisha kwa pamba. Lakini Minza hakwenda chuo akakesha na vitabu ili asimame kwenye mizani akiamini kwamba yeye ni mzito wa kichwa, wakati alichokosa ni karatasi moja. Karatasi aliyokuwa ameipakata. Nimeliwaza hilo siku mbili na sijapata pa kuliweka: alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha usaili na muundo wa sasa ukiwa magotini pake, ndani ya zipu, naye anarudia moyoni ule wa kwangu.

Leo asubuhi mke wangu alipokwenda sokoni nilifungua brifkesi. Niandike ukweli mpaka mwisho, maana nisipouandika leo sitauandika kamwe. Sikuifungua ili nimpelekee Minza ule waraka. Niliifungua ili niuchome. Jiko lilikuwa bado lina moto wa chai. Nilisema ukishaungua, hakuna atakayejua kwamba niliujua, nitakuwa mzee aliyesahau, na mzee aliyesahau watu humsamehe.

Nikavuta zipu. Karatasi ipo.

Lakini mimi huwa nakunja mara nne. Hii ilikuwa imekunjwa mara mbili.

Nikaikunjua. Visanduku vile vile, mistari ile ile, muhuri wangu pale juu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ninaoujua tangu alipokuwa anaandika herufi zilizolala chali: jina lake, na tarehe ya siku ile aliyokuwa safarini kurudi. Ameiona kwenye basi, siku moja baada ya usaili. Ameitilia jina kama nilivyomfundisha, nisije nikasema hakuiona.

Kwa hiyo Jumapili alijua. Alipopiga goti alijua. Alipoipaka rangi brifkesi alijua, na aliposema labda kichwa changu hakishiki alikuwa ananipa nafasi niseme hapana, mwanangu, si wewe. Alinitazama, nami nikatazama kuku.

Nyuma ya waraka amebana kipande cha gazeti kwa pini. Tangazo. Nafasi za ngazi ile ile, wanataka watu wengine, barua zitumwe kabla Ijumaa ya wiki hii haijaisha. Na juu ya tangazo, kwa nyekundu hiyo hiyo, ameandika maneno mawili.

BU Ijumaa.

Niliketi pale jikoni mpaka mke wangu akarudi na nyanya zake akanikuta. Aliuliza kuna nini, nikampa karatasi asome. Yeye aliisoma, akanirudishia, akasema tu, "Basi mrudishie mtoto jalada lake." Ndipo nikaja hapa.

Nimeanza na haya yaliyo karibu. Kila nilichoandika kwenye blogu hii tangu Krismasi nimekirudia leo, N mbovu na yote, na mwisho wa kila kimoja nimeongeza mstari kama tulivyokuwa tukifanya masjala jalada likiisha muda: Limefungwa. Muundo huu si wa sasa. Na hapa nasema, kwa wote mnaoniita Balozi, nilikuwa karani na nilipunguzwa kazi. Mkikutana nami sokoni niiteni jina langu.

Kwenye ule waraka, chini ya jina lake, nimejibu kwa mkono wangu: Nilijua. Nilikuficha kwa ajili ya sifa yangu. Kichwa chako hakina kosa. Nimetia jina na tarehe.

Kesho nakwenda Nyalikungu na gari la kwanza. Waraka sitampa mtu aupeleke. Nitamkabidhi mwenyewe mbele ya mama yake, Holo aseme atakayosema, kisha tukae tuandike barua, na muundo mpya anifundishe yeye. Akikataa kuniona nitakaa nje mpaka akubali. Sijui nitaanzia wapi, hata salamu sijui kama ataiitikia.

Lakini ameandika Ijumaa, na leo ni Jumanne.