Phobos ya Mawe

Siku ya kwanza, 4/5
Phobos tena. Mwezi mudogo wa sayari Mars, sura yake sawa kilazi kibaya. Kazi ya mémoire yangu ya kumaliza université: kuhesabu juu yake kuko moto ao baridi kiasi gani, muchana na usiku. Muchana, courbe yangu, mustari wa hesabu, inapatana na bipimo bya satellite. Usiku inakatala. Yangu inabakia na moto mingi. Nimehesabu mara ine. Bure.

Siku ya pili, 5/5
Prof amesema wazi: usiku usipopatana mpaka siku ya tano, hakuna défense, hakuna kutetea mémoire uyu mwaka. Nikasema ndiyo, prof. Nikatoka, nikalia ku ngazi ya escalier. Mwaka muzima tena! Niko na hasira ya mie mwenyewe.

Siku ya tatu, 6/5
Mu hesabu nimebadilisha rangi ya udongo. Nimeongeza mwangaza wa Mars. Hapana.
Ile Phobos inazunguka Mars mara tatu mu siku yetu moja. Jua inatoka, inapanda, inashuka, mie sijamaliza hata kazi ya muchana. Inanitia woga. Ni muzuri sana, njo maana.

Siku ya ine, 7/5
Nimegombana na mama. Muchana alianika mihogo inje pa lupango, mu mavumbi, gunia chini. Jua ilipoanza kushuka akaihamisha yote ku baraza ya simenti, fasi yangu ya kukaa. Nikamuuliza juu ya nini. Akanicheka. Weye wa université, haujue? Mavumbi inapoa palepale. Simenti inabakia na moto.
Nikavua viatu. Muguu mumoja mu mavumbi, mwingine ku simenti.
Ee Mungu wangu! Mie nilijenga Phobos ya mawe. Kumbe juu yake yote iko mavumbi!

Siku ya tano, 8/5
Nilibadilisha kintu kimoja tu, mawe ikakuwa mavumbi. Usiku ukashuka, digri kupita mia chini ya zero. Courbe yangu na bipimo, moja juu ya ingine.
Kiisha nikaangalia ndani ya udongo. Upana wa kiganja tu kwenda chini, na moto ya muchana haifike. Jua inapita pale juu kila siku, chini hakujue kama kuko jua.
Prof aliangalia courbe. Akasema: andika, utadéfendre.

Yenga, 10/5
Misa. Kiisha tukakula bukari na mama, sie babili tu. Nikamwelezea ile baridi. Akauliza kama kule kuko bantu. Hapana, mama. Akatafuna polepole.
— Sasa ile baridi yote, nani anaisikia?
Nilitaka kusema hakuna muntu. Nikasema: mie, mama.
Akainuka, akaenda kuniletea tiriko ya kuvaa mu baridi.