Mshono Uliopasuliwa

Jumanne, Chapwa

Mshono wangu wa chuma ulikuwa mzuri kwa nje, ndiyo maana bado nakereka. Mwalimu wa kuchomelea aliubana kwenye jiriwa, akaugonga nyundo mpaka ukavunjika. "Njoo uone ndani, binti."

Ndani kulikuwa na vitundu kama vya andazi. Nilitaka kununa, nikajikuta nauliza vinaingiaje. Akasema vijiti vyangu vya kuchomelea vilipata unyevu.

Na mimi nataka kuja kuchomelea matrela ya malori pale Mpemba. Trela likikatika mlimani…

Jioni nilisimama kwenye geti la nyumbani, nililolichomelea mwenyewe mwaka jana.

"Umepoteza nini hapo?" mama akauliza.

"Sijapoteza kitu, mama."

"Basi ingia, ugali unapoa."

Sikuingia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kulikata geti, nione ndani ya mishono yake.